Picha ya familia ukutani ina fundi nyuma yake, mlipeni

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna msomaji mwenzetu aliandika kama wiki tatu zilizopita, akasema siku hizi mtu akimaliza tu kujenga Goba au Madale, huku pembezoni mwa Dar, basi lazima atundike sebuleni picha kubwa ya familia ya kuchorwa, baba kakaa kwenye kiti kama chifu, mama pembeni, watoto wamepangwa kama glasi za kabatini, na akamalizia kwamba huo ni ulimbukeni mtupu, picha ya simu inatosha. Nilicheka sana. Halafu nikaacha kucheka maana hizo picha nazichora mimi.

Mimi ni mchoraji, nipo Temeke, huu mwaka wa 19 kwenye hii kazi. Nilianza kwa kuandika vibao vya saluni na maduka, na maneno ya nyuma ya daladala, fundi wangu aliyenifundisha alikuwa hana mchezo, herufi ikipinda kidogo anaifuta yote unaanza upya. Kwahiyo nikisema kitu kuhusu brashi sibahatishi.

Kwanza nikubaliane na ndugu yetu kwenye nusu ya maneno yake. Ni kweli picha ya kuchorwa ni ya kujionyesha, tena sana, na wala haijaanza Goba. Pale London kwenye jumba la picha la National Gallery kuna picha ya mchoraji Mwingereza Thomas Gainsborough, aliichora kama mwaka 1750 hivi, ya bwana na bibi Andrews, watu wenye mashamba huko Essex, Uingereza, mpakani na Suffolk, walikuwa wameoana 1748. Kijana kashika bunduki kwapani, mbwa wake anamwangalia, bibie kavaa gauni la bluu kakaa kwenye benchi chini ya mti. Sasa ukiangalia vizuri wenye picha wenyewe wamesukumwa pembeni kushoto, upande wote wa kulia ni shamba lao, miganda ya ngano imepangwa mistari imenyooka, kondoo kule mbali, yaani jamaa kamwambia fundi nichore mimi na mke wangu na usije ukasahau heka zangu. Ndo hawahawa ndugu zetu wanaotaka Prado itokee nyuma kwenye picha ya harusi. Lakini kuna kitu kwenye hiyo picha mimi hunichekesha kila nikikitazama, mapajani kwa bibie kuna sehemu imeachwa hivihivi, haijamaliziwa rangi, na wataalamu mpaka leo wanabishana pale alitakiwa ashike nini, wengine wanasema ndege aliyewindwa, wengine wanasema ni nafasi ya mtoto atakayezaliwa. Mimi kwa uzoefu wangu nahisi salio halikulipwa. (Natania. Lakini sitanii sana.)

Ninachotaka kumwambia ndugu yetu ni kwamba, sawa, mwenye nyumba anajionyesha, ila anaonyesha nini hasa? Sofa ananunua hata jirani yake, tivii ya inchi 75 ipo kila duka. Kwenye picha ya kuchorwa kinachoonekana pale ni wiki tano za mikono ya mtu mwingine. Ukiwa na hela unaweza kumkalisha fundi mwezi mzima anahangaika na sikio lako la kushoto. Hiyo ndo mali yenyewe inayoonyeshwa, kazi ya mtu. Sasa kinachonishangaza ni mteja anayetaka sifa za kazi ya mtu, halafu huyo mtu hataki kumlipa.

Wenzetu Waholanzi miaka ya 1600 waliliweka hili wazi kabisa. Pale Amsterdam kulikuwa na vikosi vya mgambo wa mji, wengi ni wafanyabiashara wenye nazo, wakawa wanachangishana ili wachorwe kwa pamoja, na malipo yalikuwa kwa kichwa kama nauli. Ile picha maarufu ya mchoraji Rembrandt wanayoiita Ulinzi wa Usiku, aliimaliza 1642, mmoja wa waliochorwa alikuja kutoa ushahidi miaka ya baadaye kwamba walikuwa watu 16 na kila mmoja alitoa kama gilda 100 (gilda ndo hela yao ya wakati huo), wengine zaidi kidogo wengine pungufu, kutegemea na nafasi yake kwenye picha. Yaani ukitokea mbele mwili mzima toa zaidi, ukitokea jicho na kofia nyuma ya bega la mwenzio unapunguziwa. Huo ndo utaratibu, hakuna cha "fundi tutaelewana". Ingawa nao walikuwa na mambo yao, mwaka 1715 waliihamishia hiyo picha kwenye jengo la serikali ya mji, ikawa haienei ukutani, wakachukua wakaikata pande zote nne. Nikifika hapo tumbo huwa linaniuma kabisa.

Alafu kuna mwenzetu mwingine, Frans Hals. Huyu nampenda kuliko Rembrandt, naomba nisamehewe. Yeye alikaa Haarlem, karibu kilomita 20 tu kutoka Amsterdam, mwaka 1633 akapewa kazi ya kuchora kikosi kimoja cha Amsterdam, watu 16, bei gilda 60 kwa kichwa. Akaanza. Kazi ikasimama katikati kwa sababu ya kitu ambacho kila fundi wa Dar anakijua, nani amfuate nani. Wao wanataka aende Amsterdam akawachoree huko, yeye anasema kukaa kule kunamgharimu, waje wao Haarlem. Wakapandisha ikawa gilda 66 ili aende akamalize, hakwenda, wakabishana mpaka na barua za wanasheria zikaandikwa, mwisho kazi wakamchukulia wakampa mchoraji mwingine, Pieter Codde, akaimaliza 1637. Picha ipo, na ukiitazama kwa makini unaona upande wa kushoto mkono ni mwingine kabisa, brashi inatembea kwa kujiamini, ukija kulia kila kitu kimetulia, kimelambwalambwa. Sasa na mimi mteja ananiambia njoo Madale unichoree hukuhuku kwangu, nitoke Temeke na stendi na rangi na turubai la mita moja na nusu kwenye daladala tatu, nauli hajaitaja. Hals kazi yake ilikwama kwa jambo hilihili miaka karibu 400 iliyopita.

Na kwa wale wanaosema bei zetu tunazibuni kwa kumwangalia mteja usoni, wengine wetu kweli wanafanya hivyo, sikatai. Ila kuna mchoraji mmoja wa London, Joshua Reynolds, alikuwa na bei zinazojulikana kama za kinyozi, mwaka 1764 kichwa na mabega gini 30, nusu mwili gini 70, mtu mzima kichwa mpaka viatu gini 150, baadaye akapandisha mpaka 200. Gini moja ilikuwa shilingi 21 za kwao. Na watu walipanga foleni. Tena hela ile haikuwa ya mkono mmoja, uso anachora Reynolds mwenyewe ila magauni na mapazia mara nyingi yalichorwa na mafundi wengine kazi yao ni nguo tu, Peter Toms ni mmojawapo, watu ambao hakuna anayewajua leo. Kwahiyo unaona bibi mkubwa kaning'inia ukutani na hariri yake, ile hariri kaipaka mtu ambaye jina lake halipo popote kwenye picha. Na kwa kuongezea tu, Reynolds huyohuyo alikuwa anatumia wekundu fulani usiostahimili mwanga, basi wateja wake wengine walipauka usoni wakiwa bado hai, wekundu wa mashavu umekimbia. Naandika hili ili mjue hata wakubwa walikosea, mimi pia nimewahi kununua rangi feki, mtu akageuka kijani. Nilimrudia bure.

Huku kwetu nako haya mambo yana historia. Mwaka 1840 meli ya Seyyid Said wa Zanzibar, iliyoitwa Sultana, ilifika New York na mzigo wa pembe na karafuu, mjumbe wake Ahmad bin Naaman akiwa na kilemba chake, watu wa mjini wakajaa kumshangaa, na mchoraji Edward Mooney akamchora kwa rangi ya mafuta. Kumbuka kamera ilikuwa imetangazwa Paris mwaka mmoja tu nyuma, 1839. Hiyo picha ipo Salem, Massachusetts, mpaka leo, na yule bwana ametulia pale utadhani jana alikuwa Forodhani. Baadaye zikaja studio za picha, Zanzibar ipo Capital Art Studio tangu 1930, na enzi za nyeusi na nyeupe kulikuwa na mafundi wa kupaka rangi juu ya picha, mdomo unawekwa wekundu, khanga inawekwa rangi yake, kazi ya brashi ndogo kama kope. Na walikuwepo wapiga picha wa Likoni pale feri Mombasa na mapazia yao ya kuchorwa, meli, ndege, maghorofa, mtu alikuwa anapiga picha na ndege ambayo hajawahi kuipanda, anaituma kijijini. Sisi tunapenda kuonekana tumefika, tangu zamani.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana nadhani watu hawajui kinachofanyika, wanadhani tunaweka picha chini tunafuatisha.

Mteja anakutumia picha kwa wasap. Za watoto zimepigwa nje saa saba mchana, jua utosini, macho yamefinywa. Ya mama ilipigwa kanisani kwenye taa za njano. Ya baba imepigwa usiku kwa flashi, macho mekundu kama paka. Anataka wote wakae kwenye kochi moja, wamefurahi, saa kumi jioni. Kwahiyo kazi ya kwanza ni kuwatafutia mwanga mmoja, naamua jua linatokea dirisha la kushoto, basi kila pua natakiwa nijue kivuli chake kingeangukia wapi, na hicho kivuli hakipo kwenye picha yoyote aliyonitumia, nakitoa kichwani. Turubai nalikaza kwenye mbao mwenyewe, praima mikono mitatu, nasugua na msasa laini kila mkono. Nachora vijumba vya penseli, napima. Halafu ngozi. Ngozi yetu hii jamani. Ukichukua kahawia ukachanganya na nyeusi ukapaka, mtu anatoka kama kavaa soksi usoni. Paji la uso likitazama juu linachukua bluu ya anga, mashavuni kuna wekundu wa matofali, sikio mwanga ukipita nyuma yake linakuwa kama chungwa, chini ya kidevu kuna ukijani fulani wa shati linalorudisha mwanga, na nyeusi ya dukani mimi situmii kabisa, naitengeneza kwa bluu na kahawia iliyokolea. Sikio moja linaweza kunichukua siku mbili. Na rangi ya mafuta haina haraka, ukirudia juu ya mkono mbichi unapata matope, unasubiri. Wakati unasubiri mteja anapiga simu, "fundi vipi, mbona kimya, si ni kupaka tu?"

Ndo hapo wanapoingia wale jamaa wa kuprinti. Sina ugomvi na printi, ieleweke hivyo, mtu hana hela ya mchoro anaprinti picha yake kwenye turubai elfu 90, inapendeza, mambo yanaisha. Kinachoniudhi ni wale wanaochukua hiyo printi wakapakaza gundi nzito ya kung'aa juu kwa brashi ili ionekane ina mikwaruzo, kisha wanauza kwa jina la "imechorwa kwa mkono". Nawapa siri wasomaji, sichaji. Washa tochi ya simu, ilaze pembeni ya picha karibu na ukuta, angalia mikwaruzo ya brashi inakoelekea. Kwa mchoraji brashi inazunguka na shavu, inashuka na pua, inafuata mkunjo wa shati. Kwa yule wa gundi inaenda huku na huku kama mtu anayepiga deki, inapita kwenye jicho, kwenye ukuta, kwenye meno, haijali. Halafu vuta kwa kamera ya simu karibu kabisa mpaka mwisho, ukiona vitone vidogovidogo vya rangi, hiyo imetoka kwenye mashine.

Sasa nimalizie na kisa kilichonifanya nishike kalamu, mteja simtaji, na mtaa wake sisemi. Alikuja mwaka jana anataka picha ya baba yake marehemu, mama yake ambaye yupo hai, na wao watoto watatu. Tukakubaliana laki nane, akatoa laki tatu za kianzio, rangi na turubai tu zilikula laki mbili. Picha ya baba ilikuwa moja, ile ndogo ya kitambulisho cha kazi cha zamani, na muhuri wa ofisi umepita juu ya kidevu. Kidevu hakuna, kuna wino wa bluu. Nikawaomba ndugu wanieleze, mmoja akasema mzee alikuwa na kishimo, mwingine akasema hapana huyo ni baba mdogo, kidogo wagombane palepale kwenye banda langu. Nikachora videvu vitatu kwenye karatasi nikawatumia.

Na yule mteja akawa na nyongeza zake. Baba awekewe saa ya dhahabu. Mama awekewe bangili, mkono wa kulia nne, za dhahabu, nene. Nikamuuliza mama anazo, akaniambia fundi wewe chora. Nikachora, mimi ni nani, hata wale wa Essex walichorewa walichotaka. Dhahabu ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, humo ndani njano ni kidogo sana, nyingi ni kahawia na kijani na doa moja jeupe mahali pake, siku nne hizo bangili zilinila.

Kazi ilipokaribia kuisha mama mwenyewe akaja na bajaji, kaletwa na mjukuu. Nikampa stuli akakaa mbele ya turubai. Akaanza na mumewe, akanyamaza muda mrefu, nikaona anahesabu kitu, akasema, "Mwanangu, hicho kidevu ndo chenyewe, ila alikuwa anakiinamisha kidogo." Nikachukua kitambaa nikaanza kukiinamisha palepale rangi ikiwa bado laini, yeye ananiongoza, shuka, shuka tena, hapo. Kisha akahamia kwake mwenyewe. Akasogea karibu, akaangalia ule mkono, akanyanyua mkono wake akauweka pembeni ya ule wa kwenye picha, mkono wa mtu aliyelima, kucha fupi, pana kikovu cha moto hapa juu ya kiwiko. Akauliza, "Huyu dada wa watu ni nani?"

Nikamwambia ni wewe mama, mwanao alitaka bangili. Akasema, "Zitoe. Na hicho kikovu kiweke, nilikipata siku za kumsomesha huyohuyo, nilikuwa nachoma maandazi." Nikazitoa. Nikaweka kikovu. Kilinichukua nusu saa, ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye ile picha, nasema kama fundi.

Mwanae alipokuja kuchukua mzigo akasimama akauliza bangili ziko wapi. Nikamweleza. Akasema watu wakija nyumbani wataona kama mama hatumtunzi, nizirudishe, kama sirudishi hanipi salio, na akaniambia kwanza kuna sehemu wanatoa kwa elfu 90 na inaisha kesho yake. Nikamjibu sawa baba, peleka huko kitambulisho chenye muhuri. Akaondoka. Huu ni mwezi wa tano tangu aondoke.

Kwahiyo ndugu yangu uliyeandika kuhusu ulimbukeni, picha ya familia moja ya hao unaowasema ipo bandani kwangu Temeke, imeegeshwa ukutani, baba ameinamisha kidevu ananiangalia nikila. Karibu uje uitazame kwa tochi. Na mwenyewe akisoma hapa, rangi imeshakauka, fremu nimekuwekea ya mninga, njoo na laki tano au mtume mama yako.

Wako,
Mchoraji
Temeke, Dar es Salaam